Kibao cha Tani Tano

Polisi alikisoma kibao cha uzito cha gari, akaitazama leseni, akakisoma kibao tena. Kisha akamwamuru Ghalib azime gari ateremke.

"Kuna nini?" aliuliza Kasmir, aliyekaa upande wa abiria na mkoba wake mapajani.

"Hakuna kitu, bwana," alijibu Ghalib. "Ukaguzi tu."

Haukuwa ukaguzi tu, na Ghalib alilijua hilo tangu alipokiona kidole cha yule polisi kikitua kwenye tarakimu. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa Juni mwaka 1998, wako njiani kwenda bandari ya Huangpu, na gari walilokuwa nalo lilikuwa la aina ambayo polisi wengi wa Guangzhou hawajapata kuiona: lori dogo la Kijapani, usukani upande wa kulia, lililojengewa mgongoni chumba chenye vitanda viwili, jiko, sinki na choo. Kasmir, mwenye kampuni ya watalii huko Arusha, aliliita nyumba ya magurudumu. Alikuwa amepanda ndege mwenyewe kuja kulipokea kutoka kwa Ghalib, aliyelichora. Lilikuwa la kwanza. Likifika salama angeagiza mengine manne.

"Leseni yako ni daraja C," polisi alisema polepole, kana kwamba anasema na kiziwi, wakati Ghalib alisomea uhandisi kwa Kichina miaka mitano. "C ni gari lisilozidi tani nne na nusu. Kibao hiki kinasema kilo elfu tano. Bu xing."

Bu xing, haiwezekani. Ndilo neno ambalo kila Mswahili wa Guangzhou hulijua kabla hajajua kuamkia.

Ghalib alimweleza Kasmir, na Kasmir, aliyezoea mambo yatatuliwe, akasema ni shauri ya mizigo. Maana kulikuwa na mizigo. Hakuna mfanyabiashara wa kwetu anayesafirisha gari tupu. Hata gari dogo hujazwa mpaka chini ya viti, sembuse hili lenye makabati kumi na moja. Kasmir alikuwa amelishindilia masufuria, vigae vya bafuni, mapazia, na madumu mawili ya mafuta ya kupaka ya mke wake. Basi wakaanza kupakua pale pale kando ya barabara, malori yakiwapita na madereva wakiwapigia honi za dhihaka. Mfuko mmoja ukapasuka. Nguo za ndani za kike, dazeni sita, za rangi zote, zikamwagika kwenye vumbi, na polisi mwenzake wa yule wa kwanza akajigeuza kando acheke. Ghalib ndiye aliyeziokota, moja moja, Kasmir akiwa amempa mgongo.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mzani wa malori. Gari likapimwa tupu: kilo elfu mbili mia tisa na arobaini. Ghalib alirudi mbio na karatasi ya mzani mkononi, uso umemchangamka.

Polisi aliisoma akamrudishia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuuma Ghalib zaidi. "Mzani haunihusu. Leseni haiulizi leo umebeba nini. Inauliza gari hili limeruhusiwa kufika uzito gani likijaa. Kibao kinasema elfu tano. Hata ukiendesha likiwa tupu kama debe, ni elfu tano."

Leseni ikabaki kwake. Gari likasukumwa uani kituoni, mizigo ikarudishwa ndani, na wawili hao wakarudi mjini kwa basi.

Ndani ya basi Kasmir hakukaa na Ghalib ingawa nafasi ilikuwapo. Alisimama kwenda kukaa naye walipokaribia kushuka tu, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na kama angepiga kelele pangekuwa na nafuu.

"Gari langu litafika, bwana mdogo. Hilo halinisumbui. Nitamkodi Mchina mwenye leseni kubwa, kesho au keshokutwa linaingia bandarini. Lakini mimi nilikuwa natafuta mtu wa kunisimamia karakana na kunipelekea magari bandarini, yote matano. Mtu huyo anatakiwa aweze kuyaendesha. Sasa wewe nikuajiri unifanyie nini?"

"Bwana Kasmir, nipe siku mbili."

"Za kufanya nini? Leseni kubwa utaipata kwa siku mbili?"

Kibali cha Ghalib cha kukaa China kilikuwa kimebakiza siku kumi na mbili. Bila barua ya mwajiri hakingeongezwa, na barua hiyo ndiyo Kasmir aliyokuwa ameahidi kuiandika gari likishapokelewa bandarini. Hakuwa akijihurumia yeye. Mkewe, Mwanahija, alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa masomo ya ufamasia, tena alikuwa na mimba ya miezi sita.

* * *

Chumba chao kilikuwa Sanyuanli, ghorofa ya tano, juu ya ofisi ya wasafirishaji mizigo ambako gundi ya kufungia maboksi ilinuka mchana kutwa. Mwanahija alikuwa amekalia mbuzi aliyoibeba kutoka Tanga, anakuna nazi, tumbo limemlazimisha kukaa upande. Watu walimcheka alipoitia mbuzi kwenye sanduku. Sasa wake wa wafanyabiashara walikuja kuiazima kwa zamu.

"Mbona umerudi mapema?" aliuliza. Kisha akamtazama vizuri. "Gari liko wapi?"

Ghalib alikusudia kumwambia nusu. Akaanza na mzani, akaenda kwa polisi, akarudi kwenye nguo za ndani ili amchekeshe. Mwanahija alicheka kweli, kidogo, kisha akauliza lile swali ambalo Ghalib alikuwa akilikimbia tangu asubuhi.

"Lori dogo vile linabebaje tani tano?"

"Halibebi."

"Sasa kibao kimesemaje tano?"

Ghalib alivua viatu, akavipanga, akavipanga tena.

"Mimi ndiye niliyemwambia Liang aandike tano."

Hapa inabidi tuseme ukweli kuhusu watu wetu, maana Ghalib hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Wakati ule ukienda kwa mwenye kiwanda kuagiza feni, alikuuliza kwanza: niandike nini? Ukasema wati ngapi zinapendwa sokoni kwenu, naye akaandika. Mablanketi ya nailoni yalifika Kariakoo yakiwa yameandikwa sufi tupu. Redio zenye sauti ya nyuki zilikuwa na wati elfu. Hakuna aliyeona ni uongo. Ilikuwa heshima kwa mteja, kama kumjazia kikombe cha chai mpaka kifurike. Kwa hiyo Liang, mwenye karakana, alipomaliza kulijenga gari akamuuliza Ghalib agonge namba gani kwenye kibao, Ghalib akakumbuka jinsi Kasmir alivyopenda vitu vikubwa, akasema tano. Uzito wake wa kweli, likiwa limejaa watu, maji na mizigo, haukutakiwa kuzidi tani tatu na nusu. Mhandisi mzima, aliijua hesabu hiyo vizuri kabisa. Alichosahau ni leseni iliyokuwa mfukoni mwake.

"Kasmir anajua?"

"Alifurahi mno. Aliniambia, kijana, umenipa gari la kazi."

Mwanahija aliacha kukuna. "Ghalib. Mimi nikiandika kwenye chupa miligramu mia tano na ndani mna mia mbili, unajua wataniita nani?"

"Gari si dawa."

"Watu watalala ndani yake. Dereva atasoma tano, atapakia tano, aende nalo mlimani. Breki za tani tatu na nusu zitafanya nini?"

Hilo lilimwingia. Mpaka wakati huo Ghalib alikuwa ameufikiria uongo wake kama jambo lililompata yeye. Sasa aliona watu wawili asiowajua wamelala kwenye vitanda alivyovichora mwenyewe, na gari linateremka. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

"Nimekwenda kwa Liang," alisema. "Kibao atakibadili kwa saa moja. Lakini mkataba unasema tano, kwa hiyo lazima mwenye gari atie sahihi. Na mwenye gari akijua nimemdanganya tani moja na nusu, barua nimeikosa na jina nimelipoteza. Nikinyamaza, ninaondoka hapa mwanamume."

"Unaondoka," Mwanahija alisema. "Hapo umesema kweli. Unaondoka, mimi nabaki na tumbo langu na mitihani yangu." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja chenye nazi, akazidi kujichafua. "Mimi sitaki mwanamume wa Kasmir. Nataka mume wangu awepo Septemba."

Septemba ndio ulikuwa mwezi wake wa kujifungua. Ghalib alichukua kitambaa akampangusa shavu.

"Kesho tunakwenda wote," alisema Mwanahija.

"Wewe uje kufanya nini?"

"Kukuzuia usiseme nusu."

* * *

Kasmir alikuwa akifungua kinywa kwenye mkahawa wa Waislamu wa kaskazini mwa China, mtaa wa Xiaobei, chini ya hoteli yake: mkate wa tanuri, chai, na bakuli la supu ya kondoo. Alipomwona Mwanahija akaacha kijiko, akasogeza kiti.

"Karibu, shemeji. Kaa hapa penye feni. Wewe pia kaa," akamwambia Ghalib bila kumtazama.

Ghalib hakukaa. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alisema kwamba namba ya kwenye kibao si ya kweli, kwamba yeye ndiye aliyeiagiza, kwamba gari haliwezi na halitakiwi kuzidi tani tatu na nusu, na kwamba Liang hana kosa kwa sababu aliuliza akajibiwa. Mara moja tu alitaka kuongeza kuwa wote hufanya hivyo. Mwanahija akakohoa, naye Ghalib akaliacha neno hilo.

Kasmir alifuta midomo. "Kwa hiyo umeniibia tani moja na nusu."

"Hukuwa nazo, bwana. Nilikuandikia tu."

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana, wallahi. Nasema ilivyo."

"Nimewaambia watu Arusha gari la tani tano! Nimetangaza! Nirudi niwaambie nini, kwamba kijana wa Kizanzibari amenichezea shere Guangzhou?" Sauti ilipanda, na mkahawa mzima ukageuka. Wasomali wawili wakaacha kutafuna. Meza ya pili Mkongo mmoja, Bartholomeo, mnunuzi wa vitenge aliyejulikana mtaa mzima, aliinamia chai yake kwa adabu huku amelitega sikio.

Mwanahija alingoja mpaka Kasmir akatafuta pumzi.

"Shemeji, naomba kuuliza. Gari hili ataliendesha nani huko kwetu?"

"Wateja. Watalii. Wanalikodi wanajiendesha wenyewe, ndio uzuri wake. Nimeshapata wakala Ufaransa, wa kwanza wanakuja Desemba."

"Nao leseni zao zinaruhusu tani ngapi?"

Kasmir alikuwa amemuuliza wakala wake kuhusu bei, vyandarua, hata rangi ya mapazia. Hilo halikumpitia akilini. Akasema leseni ya Ulaya ni leseni ya Ulaya, lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia mkobani. Akatoa makaratasi ya faksi, yamekunjamana, kurasa nne. Mbili zilikuwa za Kiingereza, alizozisoma. Mbili za mwisho zilikuwa za Kifaransa, na hizo aliziona ni salamu.

"Papa Bartholomeo," Ghalib aliita, "utusaidie macho."

Bartholomeo alikuwa akiingoja nafasi hiyo tangu ugomvi uanze. Alivaa miwani, akasoma kimya kwanza, kidole kikitembea, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi:

"Hapa ni masharti, les conditions. Ya kwanza, gari iwe na mikanda. Ya pili, moustiquaires, chandarua. Ya tatu, poids total, uzito wote wa gari yenye kujaa, wanasema isipite kilo elfu tatu mia tano. Juu ya permis, leseni ya wateja yao. Ikipita, wakala hatume mtu." Alivua miwani. "Patron, hii si salamu. Hii ni mukataba."

Mwenye mkahawa alileta supu nyingine ambayo haikuagizwa, akaiweka, akaondoka. Kasmir alikuwa akiitazama ile karatasi, na Ghalib aliona, kwa mara ya kwanza tangu amjue, kuwa mtu huyu naye aliogopa. Alikuwa ameweka shamba la baba yake rehani benki kwa ajili ya magari hayo.

"Kwa hiyo," Kasmir alisema hatimaye, "ningelifikisha Arusha, nikalipaka nta, Wafaransa wakaja, wakasoma kibao, wakarudi kwao."

"Kama yule polisi," alisema Mwanahija.

Kasmir alimtazama, na ndevu zake zikatikisika. Ilikuwa vigumu kujua kama anacheka. "Shemeji, umekuja kunivua nguo mbele ya watu."

"Nimekuja kumshikilia mume wangu. Wewe tumekukuta hapa."

Hapo Kasmir alicheka kweli, na Bartholomeo akacheka kwa nguvu kupita wote, ingawa hakuwa amealikwa. Lakini Kasmir alipomgeukia Ghalib hakuwa na kicheko tena.

"Kosa lako ni kosa. Kibao kipya utalipa mwenyewe. Na sitaagiza manne. Nitaagiza mawili, nikuone. Ukinidanganya tena hata bulbu, tumeachana."

"Nimekubali, bwana."

"Haya kaa basi, unakunywa supu au unaisubiri ikuamkie?"

* * *

Liang aligonga kibao kipya huku akiguna. Kwake namba ndogo ilikuwa hasara ya bure. "Laoban," alimwambia Kasmir, yaani bosi, kupitia kwa Ghalib, "wateja wote wananiomba niongeze. Wewe wa kwanza kuomba nipunguze." Kasmir alitia sahihi mara tatu, na vyeti vikaenda kukaguliwa upya, siku nne za foleni na mihuri. Meli ya kwanza iliondoka bila gari lao. Kasmir alilalamika kila siku kuhusu gharama za hoteli, ila hakumtafuta dereva mwingine.

Jumatatu Ghalib alirudishiwa leseni yake, na siku hiyo hiyo akaliingiza gari bandarini mwenyewe, taratibu, dirisha wazi, mashati ya Kasmir yakining'inia chumbani nyuma. Kibali chake kilikuwa kimebakiza siku sita.

Kesho yake wakaenda kwenye chumba cha huduma cha hoteli kuandika barua. Palikuwa na kompyuta moja na msichana wa kuichapa kwa Kiingereza na Kichina. Kasmir, aliyekuwa anapanda ndege jioni, alikuwa na moyo mkunjufu wa mtu anayerudi kwao.

"Haya, tukuandike nani?" alisema. "Tuandike Meneja Mkuu wa Kampuni, Tawi la China. Wakiona meneja watakupa hata miaka miwili. Nani atakuja kuangalia? Karatasi haina mzani."

Ghalib alimtazama. Mtu huyu alitaka kumsaidia; ilikuwa heshima, kikombe kilichojazwa mpaka kinafurika. Miaka miwili ingemvusha mkewe mpaka shahada na zaidi. Mwanahija alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, miguu imevimba, anajipepea na ramani ya mji. Hakukohoa. Safari hii alimwachia.

"Andika dereva," alisema Ghalib. "Dereva na msimamizi wa karakana."

"Dereva? Na shahada yako?"

"Dereva nina leseni yake, bwana. Wakiniuliza, naitoa."

Kasmir alitikisa kichwa, akamwashiria msichana aandike. Sahihi ikawekwa, muhuri ukagongwa.

Ofisi ya vibali iliichukua barua Jumatano. Afisa alikuwa mama wa makamo, mkali, kalamu sikioni. Alisoma kazi, akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. "Leseni." Ghalib akaitoa. Akaigeuza, akalinganisha jina, akauliza anaendesha magari gani, ya uzito gani. Ghalib akajibu kilo kwa kilo. Mama yule akamtazama kwa mara ya kwanza, akasema wiki hiyo amepokea mameneja wanane na hakuna hata mmoja aliyejua ofisi yake iko mtaa gani. Akagonga.

Mwanahija alikuwa nje kwenye ngazi, kivulini, hakutaka kuingia kwa hofu. Ghalib alimpa pasipoti ikiwa wazi. Mwanahija aliisoma tarehe, akaanza kuhesabu kwa vidole: Julai, Agosti, Septemba, na hapo akagusa tumbo, akaendelea mpaka vidole vikamwisha, akaazima viwili vya mumewe. Mitihani ilikuwa Mei. Kibali kilifika Juni.

"Kinatosha," alisema, akilia na kucheka pamoja. "Ghalib, kinatosha."